Ehrenberg na ghuba iliyogeuka nyekundu

Ukifika ufuoni asubuhi ukute maji yamekuwa mekundu kama damu, utafanya nini? Si utatoa simu tu upige picha, uwatumie marafiki. Christian Gottfried Ehrenberg hakuwa na simu. Desemba 1823, katika bandari ndogo ya Tor, rasi ya Sinai, alikuta ghuba nzima iko hivyo. Akachota yale maji, akayatazama kwa hadubini. Haikuwa damu. Zilikuwa nyuzi nyembamba ajabu, zimejikusanya mafungu mafungu kama nywele zilizofungwa pamoja. (Wapo wanaosema ndizo zilizoipa Bahari ya Shamu lile jina lake jingine, Bahari Nyekundu.)

Usidhani alikuwa mzee wa mvi. Alikuwa kijana wa miaka 28, mzaliwa wa Delitzsch, Ujerumani, aliyesomea udaktari Berlin. Mwaka wa 1820 aliondoka kwao na beste yake, Wilhelm Hemprich, kwenda kukusanya mimea na wanyama kuanzia Misri. Safari yenyewe ilikuwa balaa. Wenzao walikufa mmoja baada ya mwingine, na Juni 1825, huko Massawa, Eritrea ya leo, homa ikamchukua Hemprich pia. Alikuwa na miaka 29. Ehrenberg alirudi Berlin bila yeye, lakini alipochapisha matokeo ya safari aliweka jina la rafikiye pamoja na lake. Kwangu mimi hilo tu linatosha kumheshimu. Wangapi wangejibebea sifa zote?

Mwaka wa 1830 alizipa zile nyuzi jina: Trichodesmium, yaani fungu la nywele. Akaziweka katika jamii ya mwani. Sasa cheki hii: Ehrenberg ndiye aliyeliingiza jina la bakteria katika sayansi, na zile nyuzi alizozishika kwa mikono yake ni bakteria! Hakujua.

Wala hakujua kazi yao. Asilimia 78 ya hewa unayovuta ni naitrojeni, na mwili wako hauwezi kuitumia hata chembe, kwa sababu atomu zake zimeshikana mbili mbili na kuzitenganisha ni kibarua. Ndiyo maana mkulima hununua mbolea. Baharini hakuna agrovet. Yale maji ya buluu safi katikati ya bahari za joto, tunayoyasifu kwenye picha, ni kama jangwa. Yanang'aa vile kwa sababu hayana rutuba. Trichodesmium huitwaa naitrojeni iliyotoka hewani, huivunja na kuifanya chakula. Sehemu yake huvuja majini, mwani mdogo huipata, wadudu wa majini hula mwani, samaki hula wadudu, hadi unafika kwa jodari.

Hayo yalithibitishwa miaka ya 1960. Ehrenberg alikuwa amefariki tangu 1876, akiwa na umri wa miaka 81, na vioo vyake vya hadubini, kama 40,000 hivi, vimehifadhiwa Berlin mpaka leo.

Zile nyuzi nazo bado zipo. Msimu wa kaskazi huelea hata huku kwetu pwani ya Afrika Mashariki, zikifanana na vumbi la mbao juu ya maji. Ukiziona, usikimbilie kusema ni uchafu wa meli. Chota kidogo kwa chupa, uangalie vizuri.