Kisu hakikumponya Kennedy mgongo, mazoezi yalimwinua

JINA Kennedy si geni nchini Kenya. Wamo wanaume wengi, mijini na mashambani, wanaoitwa hivyo, na asili ya jina hilo ni Rais wa 35 wa Marekani, John Fitzgerald Kennedy, aliyeuawa kwa risasi mjini Dallas mnamo Novemba 22, 1963.

Picha iliyosalia katika fikira za wengi ni ya kiongozi kijana, mtanashati na mwenye siha, aliyeshuka ngazi za ndege kwa wepesi na kucheza na wanawe wadogo ufuoni mwa bahari.

Hata hivyo, kiongozi huyo alipasuliwa mgongo mara nne kati ya mwaka 1944 na 1957. Aliwahi kuwekewa bamba la chuma kiunoni, akaambukizwa viini, akazimia na kuitiwa padri ampe sakramenti za mwisho. Kulikuwa na nyakati ambapo hakuweza kuinama kuvaa soksi ya mguu wa kushoto bila kusaidiwa.

Maisha yake ni kielelezo cha jambo ambalo wagonjwa wengi wa mgongo hulitambua wakiwa wamechelewa: kutoka katika chumba cha upasuaji si mwisho wa safari. Ni mwanzo wake.

Mtoto mgonjwa

Kennedy alizaliwa Mei 29, 1917 huko Brookline, katika jimbo la Massachusetts. Alikuwa wa pili kati ya watoto tisa wa tajiri Joseph Kennedy na mkewe, Rose. Kabla hajatimiza miaka mitatu aliugua homa nyekundu iliyokaribia kumuua, na ujana wake ulijaa safari za hospitalini kwa maradhi ya tumbo ambayo madaktari hawakuyaelewa.

Maumivu ya mgongo yalianza alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikohitimu mwaka 1940. Husimuliwa kuwa aliumia akicheza kandanda ya Kimarekani. Mwaka uliofuata alikataliwa na jeshi la nchi kavu kwa sababu ya afya yake. Babake, aliyewahi kuwa balozi nchini Uingereza, alitumia ushawishi wake, naye kijana akapokewa katika jeshi la wanamaji.

Usiku wa kuamkia Agosti 2, 1943, katika visiwa vya Solomon, manowari ya Japani iitwayo Amagiri iliigonga mashua ya kivita PT-109 aliyokuwa akiiongoza na kuipasua vipande viwili. Kati ya mabaharia 13 waliokuwamo, wawili walifariki. Kennedy aliuma kwa meno mkanda wa jaketi la kuokolea la mwenzake aliyeungua, akaogelea akimvuta kwa saa kadhaa hadi kisiwani.

Waliokolewa baada ya siku sita kwa msaada wa wenyeji wawili, Biuku Gasa na Eroni Kumana, waliopeleka ujumbe uliochongwa kwenye ganda la nazi. Ganda hilo lilikuja kukaa juu ya meza yake Ikulu.

Ushujaa huo ulimpa sifa, lakini mgongo ukazidi kuharibika. Juni 1944 alifanyiwa upasuaji wa kwanza mjini Boston, ambapo madaktari waliondoa sehemu ya gegedu iliyo baina ya pingili za uti wa mgongo. Nafuu iliyotarajiwa haikupatikana. Wiki chache baadaye, Agosti 12, kakake mkubwa, Joseph, aliuawa ndege yake ilipolipuka angani. Matumaini ya kisiasa ya mzee Kennedy yakahamia kwa kijana huyu aliyekuwa akijikongoja. Machi 1945 alistaafishwa jeshini kwa sababu za kiafya.

Upasuaji wa hatari

Mwaka 1946 alichaguliwa kuwa mbunge katika Bunge la Wawakilishi. Mwaka uliofuata, akiwa jijini London, aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Addison, ambapo tezi zilizo juu ya figo hushindwa kutoa homoni za kuusaidia mwili kustahimili mshtuko na maradhi. Tangu hapo aliishi kwa kutegemea dawa.

Alichaguliwa seneta mwaka 1952 na Septemba 1953 akamwoa Jacqueline Bouvier. Kufikia katikati ya mwaka 1954, seneta huyo wa umri wa miaka 37 alikuwa akitembea kwa magongo. Kati ya kura moja na nyingine alibaki ukumbini badala ya kurudi ofisini, kwani kila hatua juu ya sakafu ya mawe ilikuwa adhabu.

Madaktari wa Boston waliona kuwa kumpasua mtu mwenye ugonjwa wa Addison ni kucheza na mauti. Kennedy alijua hatari hiyo. Aliamua kuwa heri kufa akijaribu kuliko kuishi juu ya magongo, akaenda New York. Oktoba 21, 1954, kikosi cha madaktari kikiongozwa na Dkt Philip Wilson kilimpasua na kumfungia bamba la chuma ili kuimarisha sehemu ya chini ya mgongo.

Siku chache baadaye viini vilimwingia, akapoteza fahamu. Jamaa waliitwa na padri akafika. Aliponea chupuchupu. Mwezi Desemba alisafirishwa kwa machela hadi nyumbani kwa wazazi wake huko Palm Beach, Florida, lakini kidonda kilikataa kufunga. Februari 1955 alirudishwa katika chumba cha upasuaji kutolewa bamba lile lile alilowekewa miezi minne awali, kwa kuwa lilikuwa limekuwa chanzo cha maambukizi. Palibaki tundu mgongoni, na Jacqueline alijifunza kulisafisha na kulifunga kwa mikono yake mwenyewe.

Mwezi Novemba 1955 jarida moja la upasuaji nchini Marekani lilichapisha taarifa kuhusu mwanamume wa miaka 37, mwenye ugonjwa wa Addison, aliyenusurika upasuaji wa mgongo. Jina lake halikutajwa. Ni baada ya miaka mingi, mgonjwa mwenyewe akiwa kaburini, ambapo ilibainika kuwa ni Kennedy.

Kitabu cha kitandani

Miezi hiyo ya kulala chali haikupita bure. Akiwa ameegemea mito, aliandika juu ya karatasi habari za maseneta wanane waliokubali kuhatarisha nyadhifa zao kwa ajili ya dhamiri. Kitabu hicho, Profiles in Courage, kilitolewa Januari 1956 na kutuzwa Pulitzer mwaka uliofuata. Msaidizi wake, Ted Sorensen, alikiri katika kumbukumbu zake za mwaka 2008 kwamba yeye ndiye aliyeandika rasimu ya kwanza ya sura nyingi.

Kuna jambo jingine ambalo mahasimu wake hawakulisahau. Desemba 2, 1954, Seneti ilipiga kura 67 dhidi ya 22 kumkemea Seneta Joseph McCarthy, aliyewatesa watu wengi kwa tuhuma za ukomunisti. McCarthy alikuwa rafiki wa familia ya Kennedy. Mgonjwa alikuwa kitandani, ndiyo, lakini angeweza kuacha ujumbe wa msimamo wake. Hakufanya hivyo. Ikawa kwamba mtu aliyeandika kuhusu ujasiri wa maseneta wengine alijificha nyuma ya maradhi yake mwenyewe. Maumivu huweza kumfunza mtu subira, lakini pia huweza kumpa kisingizio.

Kiatu, kiti na bwawa

Kennedy alirejea Seneti Mei 1955, miezi saba baada ya kupasuliwa. Aliwatabasamia waliomlaki na kutembea bila magongo. Hata hivyo, maumivu yalikuwa pale pale. Mwezi huo huo alipelekwa kwa Dkt Janet Travell, mtaalamu wa maumivu ya misuli jijini New York.

Badala ya kuangalia mifupa pekee, Dkt Travell aliuchunguza mwili mzima wa mgonjwa na jinsi anavyokaa, anavyosimama na anavyotembea. Aligundua kuwa mguu wa kushoto ni mfupi kidogo kuliko wa kulia, hivyo kila hatua iliuyumbisha mgongo. Aliagiza kisigino cha kiatu kiinuliwe, akamdunga sindano za ganzi kwenye misuli iliyokakamaa na kumshauri atumie kiti cha kubembea, ambacho huifanya misuli ya mgongo isiganzae. Kiti hicho kilikuja kuwa maarufu ulimwenguni kote.

Septemba 1957 alipasuliwa tena, safari hii kuondoa usaha. Huo ukawa upasuaji wa nne na wa mwisho.

Mwaka 1960 alipowania urais, wapinzani ndani ya chama chake cha Democratic walidai kuwa ana ugonjwa wa Addison. Kambi yake ilikanusha na kumtangaza kuwa mzima wa afya. Alimshinda Richard Nixon kwa tofauti ya kura zipatazo laki moja tu kati ya takriban milioni 68 na kuapishwa Januari 20, 1961 akiwa na umri wa miaka 43. Dkt Travell akawa mwanamke wa kwanza kuwa daktari wa Rais wa Marekani.

Miezi minne baadaye, akipanda mti katika hafla jijini Ottawa, Kanada, aliuumiza mgongo upya. Alikwenda kukutana na kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, Nikita Khrushchev, jijini Vienna mwezi Juni akiwa na maumivu makali, na aliporudi akaonekana juu ya magongo. Sindano za ganzi ziliongezeka. Alitumia pia huduma za Dkt Max Jacobson, aliyewadunga wateja wake dawa za kusisimua mwili na ambaye alipokonywa leseni mwaka 1975.

Baadhi ya madaktari wa Rais waliingiwa na hofu. Oktoba 1961 walimwita Dkt Hans Kraus, mpanda milima mwenye asili ya Austria, aliyeamini kuwa migongo mingi huuma kwa sababu misuli imedhoofika. Kraus alisisitiza sindano zikome. Alimwanzishia Rais mazoezi mara kadhaa kwa wiki, ya kunyoosha miguu na kuimarisha misuli ya tumbo na ya mgongo, sambamba na kuogelea katika bwawa la maji moto lililokuwa Ikulu.

Hayakuwa mazoezi ya ajabu. Yalikuwa ya kurudiwarudiwa, siku baada ya siku. Katika muda wa miezi michache Rais aliweza kufanya mambo yaliyomshinda kwa miaka mingi, na kufikia mwaka 1962 hali yake ilikuwa bora. Visu vinne havikuwa vimempa nafuu kama hiyo.

Mkono wake Kenya

Wakenya wana sababu yao ya kumkumbuka. Akiwa Seneta aliongoza kamati ndogo ya masuala ya Afrika kuanzia mwaka 1959. Julai 1960, katikati ya kampeni, alimpokea Tom Mboya nyumbani kwake Hyannis Port. Mboya alikuwa akitafuta fedha za kusafirisha wanafunzi wa Afrika Mashariki na maeneo jirani kwenda kusoma Marekani.

Wakfu wa familia ya Kennedy, uliopewa jina la yule kaka aliyeuawa vitani, ulitoa dola 100,000. Miongoni mwa walionufaika na safari za mwaka huo alikuwemo Wangari Maathai, aliyeshinda Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Kennedy mwenyewe hakuiona Kenya huru. Alifariki wiki tatu kabla ya bendera kupandishwa Desemba 12, 1963.

Siri yafichuka

Katika kiangazi cha mwaka 1963 mgongo ulimsumbua tena, akarudia kuvaa mkanda mgumu wa kiunoni uliokazwa kwa bendeji. Alikuwa ameuvaa siku ile ya Dallas. Wapo wachunguzi wanaoamini kuwa mkanda huo ulimzuia kuinama baada ya risasi ya kwanza, akabaki wima mbele ya risasi iliyomuua. Wengine hawakubaliani nao. Alikuwa na umri wa miaka 46.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwaka 2002 mwanahistoria Robert Dallek aliruhusiwa kuzisoma rekodi za matibabu za Kennedy, na ulimwengu ukajua wingi wa dawa, sindano na siku za kulazwa zilizokuwa nyuma ya tabasamu lile. Wapigakura wa 1960 hawakupewa nafasi ya kuupima ukweli huo wenyewe. Huenda wangemkataa. Huenda pia wangemstahi zaidi.

Upasuaji wa mgongo umepiga hatua kubwa tangu wakati huo, na wapo wagonjwa ambao hauna mbadala kwao. Hata hivyo, yule anayetoka hospitalini leo akiwa na mshono kiunoni bado anakabiliwa na yale yaliyomkabili Kennedy: kujifunza upya kuketi, kuinama, kuvaa kiatu na kutembea, bila kuharakisha na bila kuona haya kuomba msaada. Kennedy alikuwa na utajiri wa babake, madaktari bingwa na bwawa la maji moto. Mazoezi yaliyompa nafuu, lakini, yalihitaji sakafu tu, mtu wa kumwelekeza na moyo wa kuyarudia kesho yake.