Bagnold: Mhandisi aliyelifundisha gari kuvuka jangwa

KATIKA historia ya safari za magari nje ya barabara, wapo watu wachache ambao kazi ya mikono yao ingali ikionekana hadi leo, kila dereva anapopunguza upepo wa tairi ili avuke mchanga, au anapotandika kipande cha chuma mbele ya gurudumu lililozama. Mmoja wao, na pengine aliye mkubwa kuliko wote, ni Ralph Alger Bagnold, mwanajeshi na mhandisi wa Kiingereza aliyefariki dunia Mei 28, 1990.

Wanaosoma habari za vita wanamkumbuka kwa kikosi alichokiasisi jangwani. Wanasayansi wanamkumbuka kwa kitabu chake kuhusu mwendo wa mchanga. Lakini mambo yote hayo mawili yalizaliwa sehemu moja: pembeni mwa gari lililokwama, mbali na karakana yoyote, ambako fundi hakuwa na msaada ila akili yake na vitu vichache alivyobeba.

Bagnold alizaliwa Aprili 3, 1896 huko Devonport, Uingereza, katika nyumba ya kijeshi. Baba yake alikuwa Kanali katika Kikosi cha Wahandisi wa Kifalme, naye alikuwamo katika msafara wa mwaka 1884 hadi 1885 uliotumwa kumwokoa Jenerali Gordon aliyezingirwa Khartoum, msafara ambao ulichelewa kufika. Dada yake, Enid, alikuja kuwa mwandishi mashuhuri aliyetunga riwaya ya National Velvet, iliyotoka mwaka 1935.

Kijana huyo alifuata nyayo za baba yake. Mwaka 1915 aliingia katika Kikosi cha Wahandisi na kupelekwa Ufaransa, ambako alipigana katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita ilipokwisha alisoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akarejea jeshini, safari hii katika Kikosi cha Mawasiliano. Mwaka 1926 akapelekwa Misri.

Gari dogo dhidi ya bahari ya mchanga

Upande wa magharibi wa Mto Nile kuna Jangwa la Libya, moja ya sehemu kame kupita zote duniani. Ndani yake imo Bahari Kuu ya Mchanga, safu baada ya safu ya matuta yanayoenea kwa mamia ya kilomita. Wakati huo ramani za eneo hilo zilikuwa na sehemu kubwa nyeupe, na wengi waliamini kwamba hakuna gari litakaloweza kupita humo.

Bagnold na maofisa wenzake wachache hawakuwa na fedha za serikali. Walitumia likizo zao na mishahara yao. Gari walilolimudu lilikuwa Ford Model T, gari jepesi na rahisi lililotengenezwa Marekani kuanzia mwaka 1908. Mwaka 1927 walilifikisha hadi oasisi ya Siwa, karibu na mpaka wa Libya. Baadaye walihamia Ford Model A.

Jambo la kwanza alilofanya Bagnold halikuwa kuongeza kitu, bali kupunguza. Bodi ya kiwandani iliondolewa na mahali pake pakawekwa sanduku la mbao la kubebea mizigo. Madigadi yaling'olewa. Kila ratili iliyotolewa kwenye bati iligeuzwa kuwa ratili ya petroli, ya chakula au ya maji. Petroli ilibebwa katika makopo ya bati jembamba ya galoni nne, yale ambayo sisi wa Afrika Mashariki tunayaita madebe, yakiwa ndani ya makasha ya mbao.

Tatizo lililotishia uhai wao lilikuwa maji. Katika joto lile, injini inayopanda mchanga kwa gia ndogo huchemsha rejeta, na mvuke hupotea hewani. Kila mara rejeta inapojazwa, maji hayo yanatolewa kinywani mwa mtu. Safari ya majuma kadhaa ingeweza kugeuka mauti si kwa sababu injini imekufa, bali kwa sababu imekunywa akiba yote.

Jibu la Bagnold na wenzake lilikuwa debe na kipande cha mpira. Tundu la kutolea mvuke la rejeta lilizibwa, kisha mpira ukaunganishwa kutoka juu ya rejeta hadi kwenye chombo kilichofungwa ubavuni mwa gari, kikiwa na maji hadi nusu. Mvuke uliingia humo na kugeuka tena kuwa maji. Chombo chenyewe kilipoanza kuchemka, dereva alisimama na kuelekeza pua ya gari upande unakotoka upepo. Rejeta ilipopoa, mvuke uliobaki ndani ulinywea na kuacha ombwe, na ombwe hilo likayavuta maji yote kurudi ndani. Baada ya muda mfupi gari lilikuwa tayari kuendelea, pasipo tone kupotea.

Kisha likaja tatizo la kuzama. Katika duka la vyuma chakavu mjini Cairo, Bagnold alipata mabamba ya chuma yenye mifereji, yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuezekea mahandaki katika vita ile ile aliyopigana ujanani. Yalipotandikwa mbele ya magurudumu ya nyuma, gari lilipata mahali pa kukanyaga na kujitoa lenyewe. Waliongeza pia ngazi za kamba na vipande vya turubai. Tairi zilipunguzwa upepo ili zitanuke na kuelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba.

Hatari ya tatu ilikuwa kupotea. Dira ya sumaku haiaminiki ndani ya gari, kwa kuwa chuma cha gari huivuta sindano. Bagnold alitengeneza dira ya jua: kisahani bapa chenye nyuzi 360, kilichosimikwa sindano katikati na kufungwa mbele ya dereva. Kivuli cha sindano, kikilinganishwa na saa, kilionyesha mwelekeo bila ya kusimama. Usiku walipima nyota ili kuhakikisha walipofika.

Kuukabili ukuta

Mwaka 1929 walijaribu kuingia katika Bahari Kuu ya Mchanga yenyewe. Hapo ndipo Bagnold alipogundua jambo lililopingana na hofu ya kila dereva. Tuta lililoonekana kama ukuta halikuhitaji kunyatiwa. Lilihitaji kukabiliwa kwa kasi na kwa mstari ulionyooka. Upande unaopigwa na upepo, chembe za mchanga zimeshikamana na zinaweza kulibeba gari. Upande wa pili, uliokingwa na upepo, mchanga ni laini kama unga. Siri ilikuwa kupanda bila woga na kusimama kwenye kilele kabla ya kuruka usikokujua.

Mwaka 1932 msafara wake ulizunguka maelfu ya kilomita, ukipita mlima wa Uweinat na kufika El Fasher nchini Sudan. Baadaye Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtunuku nishani ya dhahabu.

Mwaka 1935 aliacha jeshi, lakini swali moja halikumwacha. Kwa nini mchanga ushikamane hapa na kudidimia pale? Katika Chuo cha Imperial, London, alijenga kwa mikono yake kasha refu la mbao na vioo, akavumisha upepo ndani yake na kupima mwendo wa chembe. Matokeo yake ni kitabu, The Physics of Blown Sand and Desert Dunes, kilichotoka mwaka 1941 na ambacho hadi leo ni msingi wa elimu hiyo.

Safari ya Kenya iliyokatizwa

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Bagnold aliitwa tena jeshini na kupangiwa Kenya. Lau angefika, huenda historia ingekuwa nyingine. Meli aliyopanda iligongana na nyingine katika Bahari ya Mediterania, na abiria wakateremshwa Port Said. Akiwa Misri, habari zake zilimfikia Jenerali Archibald Wavell, aliyeamua kumbakiza huko.

Italia ilipoingia vitani Juni 1940, Bagnold alipendekeza kuundwa kwa kikosi kidogo cha kuingia ndani kabisa ya jangwa, nyuma ya adui. Wavell alikubali na kumpa wiki sita tu. Kikosi hicho, kilichojulikana baadaye kama Long Range Desert Group, kilianza na wanajeshi kutoka New Zealand, wengi wao wakiwa wakulima waliozoea kutengeneza mashine zao wenyewe.

Magari yao yalikuwa malori ya Chevrolet ya kawaida ya tani moja na nusu, yasiyovutwa kwa magurudumu ya mbele. Yalifanyiwa yale yale ya Ford ya likizo. Milango, paa na vioo vya mbele viliondolewa. Springi ziliongezwa majani. Chombo cha kurudisha maji, mabamba ya chuma na dira ya jua vikafungwa. Kila mtu alipewa painti sita za maji kwa siku, yaani zaidi kidogo ya lita tatu, na kila doria ilipaswa kujitegemea kwa wiki tatu hivi.

Doria haikutoka bila fundi. Springi iliyovunjika maili 500 kutoka kambini haikuwa usumbufu, ilikuwa suala la kufa na kupona. Lori lililoweza kuvutwa lilivutwa; lisilotengenezeka lilivuliwa vipuri vilivyoweza kuokoa mengine. Januari 1941 doria za kikosi hicho, zikishirikiana na Wafaransa kutoka Chad, zilishambulia Murzuk, kusini magharibi mwa Libya, mahali ambapo Waitaliano hawakutarajia kumwona adui.

Agosti 1941 Bagnold alikabidhi ukamanda kwa rafiki yake wa safari za zamani, Guy Prendergast. Mwaka 1944 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kubwa kabisa ya wanasayansi wa Uingereza. Mwaka 1946 alioa, akajaliwa watoto wawili, na aliendelea na utafiti wa mchanga na mito hadi uzeeni. Alifariki akiwa na umri wa miaka 94.

Madereva wetu wanaotandika matawi chini ya tairi katika matope ya masika wengi hawajapata kulisikia jina lake, lakini wangemwelewa bila mkalimani. Bagnold hakuamini kwamba gari lenye nguvu zaidi ndilo litakalofika. Aliamini katika gari ambalo mwenyewe analijua hadi msumari wa mwisho, lililopunguziwa kila kisichohitajika, na ambalo ubovu wake unaweza kutengenezwa pale pale lilipoharibikia.

Mwaka 2015 gari la utafiti la Marekani, Curiosity, lilifika kwenye matuta ya mchanga katika sayari ya Mirihi yaliyopewa jina la Bagnold. Ni gari ambalo hakuna fundi anayeweza kulifikia, likiwa mbele ya mchanga ule ule uliomsumbua mhandisi huyo maisha yake yote.