Bibi Agnes Baden-Powell (1858-1945), Mama wa Kwanza wa Maguide



Katika maandamano ya sikukuu mtawaona wasichana wenye fulari shingoni, wakifuata bendera yao kwa mistari. Hao ndio Maguide. Tulipokuwa tukitayarisha jubilei hii, mmoja wao aliniuliza katika darasa la katekisimu ni nani aliyekianzisha chama chao. Nilimjibu upesi kwamba ni Baden-Powell, kama nilivyofundishwa zamani katika seminari ndogo. Akauliza tena: ikiwa bwana huyo aliwaanzishia wavulana chama cha maskauti, wasichana je, walianzishiwa na nani? Nikakosa jibu. Nikaona haya, kwa maana mwalimu hapaswi kumwacha mwanafunzi njiani. Basi nikafungua vitabu, nikawauliza viongozi wa chama na mapadri waliosoma mbali. Niliyoyapata ninawaandikia hapa.

Agnes Baden-Powell alizaliwa London, Uingereza, tarehe 16 Desemba 1858. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Kiingereza na mwalimu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alifariki mwaka 1860, Agnes akiwa hajatimiza miaka miwili. Mama yao, Henrietta Grace, akabaki mjane na watoto wengi wa kulea. Kaka yake Robert, aliyezaliwa mwaka 1857, akawa askari. Akapata sifa kubwa kwa kuulinda mji wa Mafeking, Afrika ya Kusini, uliozingirwa na adui kwa siku 217 katika miaka ya 1899 na 1900. Mdogo wao wa mwisho, Baden, alipenda mambo ya kuruka angani. Agnes alimsaidia kutengeneza maputo makubwa ya kupaa, akapanda angani pamoja naye, jambo ambalo wanawake wachache tu wa siku zile walithubutu kulifanya. Tena alipiga kinanda na zeze la Kizungu, alifuga nyuki, akachunguza ndege na vipepeo. Hakuolewa. Aliishi na mama yake, akamtunza mpaka mama huyo alipofariki mwaka 1914.

Mwaka 1908 Robert alitoa kitabu chake cha kuwafundisha wavulana uskauti. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Septemba 1909, wavulana kama 11,000 walikusanyika London, mahali paitwapo Crystal Palace. Katikati yao walijitokeza wasichana wachache wenye kofia na fimbo kama kaka zao. Hakuna aliyewaalika. Walikuwa wamesoma kitabu kile wakaona kwamba mambo yale yanawafaa hata wao, wakaomba wakubaliwe.

Jambo hilo lilileta taabu. Wazazi wengi wa siku zile waliona ni aibu binti kuzunguka porini, kuwasha moto na kupiga filimbi. Robert akaona kwamba wasichana wanahitaji chama chao wenyewe, na mwanamke anayeheshimiwa wa kukiongoza. Akamwomba dada yake. Agnes alikuwa amepita miaka 50, umri ambao wengi hufikiri kupumzika. Akakubali. Mwaka 1910 chama kikaanza, naye akawa rais wake wa kwanza. Jina la Guide, yaani kiongozi wa njia, Robert alilitoa kwa askari wajuzi wa mipaka ya Uhindi.

Kazi ya Agnes ilikuwa ngumu kuliko inavyoonekana. Hakutosheka kuwakusanya wasichana. Alipaswa kuwatuliza wazazi, kuwapata wanawake wa kuongoza vikundi, na kupanga mafundisho. Mwaka 1912 kilitoka kitabu cha kwanza cha Maguide, kilichotungwa naye pamoja na kaka yake kutoka katika kile cha wavulana. Kilifundisha kuwahudumia wagonjwa, kufunga vidonda, kupika, kulea watoto, kutambua mimea, na kupeleka habari kwa alama. Sisi Waafrika tusifiche neno: kitabu kile kilitaja katika jina lake kazi ya kuujenga utawala wa Waingereza duniani. Bibi Agnes alikuwa mtu wa taifa lake na wa wakati wake. Lakini mbegu ikishatoka mkononi mwa mpanzi, huota katika udongo wowote. Mwaka ule ule wa 1912, Bibi Juliette Gordon Low alianzisha chama hicho Marekani, katika mji wa Savannah, akiwa na wasichana 18.

Ikaja vita ya 1914. Maguide wakasaidia katika hospitali na mashamba, na wale waliowacheka wakanyamaza. Hapo ndipo Agnes alipoanza kusukumwa pembeni. Robert alikuwa amemwoa Olave Soames mwaka 1912, mwanamke kijana mwenye nguvu nyingi. Viongozi vijana waliyaona mawazo ya Agnes kuwa ya kizamani. Mwaka 1916 Olave akapewa uongozi, na mwaka 1918 akaitwa Guide Mkuu. Mwaka huo huo Robert akatoa kitabu kipya mahali pa kile cha dada yake. Baadaye cheo cha rais kikapewa Princess Mary, binti wa mfalme, na Agnes akabaki makamu. Hakukiacha chama. Alikitumikia katika nafasi hiyo ndogo mpaka alipofariki, tarehe 2 Juni 1945, mwenye umri wa miaka 86.

Robert na Olave walihamia Nyeri, nchini Kenya, mwaka 1938. Robert alifia huko tarehe 8 Januari 1941. Olave alifariki Uingereza mwaka 1977, na majivu yake yakaletwa Nyeri kuzikwa karibu na mumewe. Maskauti na Maguide wa nchi nyingi huenda kulizuru kaburi lile, na siku yao ya kuzaliwa, tarehe 22 Februari, Maguide wa dunia nzima huiadhimisha. Olave alistahili heshima hiyo, maana alifanya kazi kubwa. Lakini Agnes hana siku yake, na wengi wanaovaa fulari hawalijui jina lake.

Bibi Agnes hakuwa mkatolika. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitufundisha mwaka 1964 kuyatambua kwa furaha mema yaliyo kwa ndugu zetu waliotengana nasi. Nasi tuna sababu yetu ya kumkumbuka. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilivivunja vyama vya vijana vya dini, ikataka vijana wote wawe chini ya JMPR. Kisha vita vilivyoanza mwaka 1996 vikawatawanya watu wa Uvira na wa kando ya ziwa. Kama leo wasichana wanaandamana tena, ni kwa sababu wako akina mama waliowakusanya upya, bila cheo na bila mshahara.

Katika jubilei tunasoma majina ya maaskofu na mapadri, na ni vema. Lakini nani atayasoma majina ya wanawake waliobeba maji na mawe kanisa likijengwa, au ya wale waliofundisha sala chini ya mwembe? Yule binti nimempa jibu lake. Naye amenipa kazi nyingine: kuandika, wazee wetu wakingali hai, majina ya akina Agnes wa parokia hii. Mwenye jina moja, aniletee baada ya Misa.