Felix Wankel: Fundi asiye na shahada aliyebuni injini ya mzunguko

FELIX Wankel hakuwahi kuwa na leseni ya kuendesha gari. Macho yake hayakuona mbali, na hadi alipofariki akiwa na umri wa miaka 86, aliendeshwa na dereva.

Hata hivyo, jina lake limebaki kwenye injini iliyowatoa jasho wahandisi wa Ujerumani, Marekani na Japani kwa miongo mingi. Ni injini hiyo hiyo ambayo hadi leo wapenzi wa magari wenye mifuko miembamba huinunua ikiwa kuukuu, wakaifungua nyuma ya nyumba zao na kuifufua kwa turbo.

Wankel alizaliwa Agosti 13, 1902 katika mji wa Lahr, kusini magharibi mwa Ujerumani, kando ya Msitu Mweusi. Alikuwa mtoto wa pekee. Baba yake, Rudolf, aliyekuwa afisa wa misitu, aliuawa vitani mwaka wa 1914, Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vimeanza tu. Mjane na mwanawe wakahamia mji wa Heidelberg.

Mwaka wa 1921 kijana huyo aliacha shule bila cheti cha kumwezesha kujiunga na chuo kikuu. Akaajiriwa na kampuni ya kuchapisha na kuuza vitabu. Uhandisi hakuusomea popote, na yote aliyoyajua aliyapata kwa kusoma mwenyewe na kwa kuchafua mikono.

Inasimuliwa kwamba akiwa na miaka 17 aliwaambia rafiki zake kuwa ameota akisafiri kwa gari alilojiundia, likiwa na injini ya aina mpya ambayo nusu yake ilikuwa turbini na nusu injini ya kawaida. Wengi huota mengi wakiwa na umri huo. Wankel hakuiacha ndoto hiyo ipite.

Mnamo 1924, pamoja na rafiki zake, alifungua karakana ndogo mjini Heidelberg. Haikuwa na mtaji wa maana, na vifaa vyake vilikuwa vya kuungaunga. Alipopoteza kazi ya vitabu mwaka wa 1926, karakana hiyo ndiyo iliyobaki kuwa tegemeo lake.

Swali lililomsumbua lilikuwa rahisi kulieleza lakini gumu kulitatua. Katika injini ya kawaida, pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda. Kila inapofika mwisho wa safari yake, sharti isimame na kurudi ilikotoka. Kusimama huko, maelfu ya mara kwa dakika, hutikisa injini na kuichosha. Je, kwa nini mwako wa petroli usisukume kitu kinachozunguka moja kwa moja, kama gurudumu linavyozunguka?

Wankel hakuwa wa kwanza kujiuliza hivyo. Wengi waliomtangulia walishindwa kwa sababu moja: hewa yenye shinikizo ilipenya kwenye kingo za chombo kinachozunguka, na nguvu ikapotea. Yeye alitambua mapema kwamba siri haikuwa katika umbo la injini pekee bali katika vile vipande vyembamba vinavyoziba nafasi kati ya sehemu moja na nyingine. Viziba hivyo alivichunguza kwa miaka zaidi ya 20. Mwaka wa 1929 alipata hataza yake ya kwanza kuhusu injini ya mzunguko, ijapokuwa mashine aliyoichora wakati huo haikuwa ile iliyokuja kumpa umaarufu.

Maisha yake, lakini, hayakuwa ya vyuma na michoro tu. Lipo doa ambalo haliwezi kufutwa.

Tangu ujana wake, Wankel alijihusisha na makundi yenye siasa kali za mrengo wa kulia, na mapema katika miaka ya 1920 alijiunga na chama cha Nazi cha Adolf Hitler. Alianzisha makundi ya vijana ya kisiasa mjini Heidelberg, na mwaka wa 1931 akapewa uongozi wa vijana wa chama hicho katika jimbo la Baden. Haukupita muda akakosana na Robert Wagner, mkuu wa chama jimboni humo, ambaye alimshutumu hadharani kwa ufisadi. Mnamo Oktoba 1932 alifukuzwa chamani.

Kisasi kilifuata upesi. Wanazi waliponyakua mamlaka mwaka wa 1933, Wagner alikuwa ndiye mtawala wa Baden, naye akamtupa Wankel gerezani katika mji ule ule wa Lahr alikozaliwa. Alikaa ndani kwa miezi kadhaa hadi alipookolewa na Wilhelm Keppler, mshauri wa Hitler katika mambo ya uchumi, aliyekuwa amekitambua kipaji chake.

Ugomvi huo haukumfanya kuwa mpinzani wa utawala ule. Mnamo 1936, kwa mkataba wa Wizara ya Usafiri wa Anga, alifunguliwa karakana kubwa mjini Lindau, kando ya Ziwa Konstanz. Huko alitengeneza viziba na vali za kuzunguka kwa ajili ya injini za ndege za kivita na makombora ya majini. Mwaka wa 1940 alipewa cheo katika kikosi cha SS, ambacho jina lake limefungamana na mauaji ya mamilioni ya watu. Uanachama wake uliondolewa mwaka wa 1942. Mtu anayeusifu ubongo wake hana budi kukumbuka pia ni nani walioulisha wakati huo.

Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, majeshi ya Ufaransa yalimkamata, yakaivunja karakana ya Lindau na kuchukua mitambo yake. Alizuiliwa hadi mwaka wa 1946, kisha akapigwa marufuku kufanya utafiti kwa muda. Akiwa na miaka 44, alikuwa amerejea pale pale alipoanzia: bila karakana, bila fedha, ila michoro kichwani.

Mlango ulifunguka mwaka wa 1951 alipoingia katika ushirikiano na NSU, kampuni ya pikipiki ya mji wa Neckarsulm. Kampuni hiyo ilivutiwa kwanza na vali zake za kuzunguka, lakini Wankel hakuisahau ndoto ya utotoni. Aprili 1954, baada ya kuchora na kupima maumbo mengi, aliupata mpangilio aliokuwa akiutafuta.

Umbo lenyewe ni la kustaajabisha kwa urahisi wake. Ndani ya chumba kinachofanana na njugu karanga yenye kiuno, huzunguka rota yenye pembe tatu zilizovimba kidogo ubavuni. Pembe zote tatu hugusa ukuta wa chumba wakati wote, hivyo kunakuwa na nafasi tatu zinazopanuka na kufinyika kwa zamu. Nafasi moja inapovuta hewa na petroli, nyingine inashindilia na kuwasha, na ya tatu inatoa moshi. Hakuna vali wala pistoni ya kupanda na kushuka. Rota inapozunguka mara moja, shafti huzunguka mara tatu.

Injini ya kwanza ya aina hiyo iliwaka Februari 1, 1957. Katika mtambo huo wa Wankel, rota na chumba chake vyote vilizunguka. Ulikwenda kwa kasi ya ajabu, lakini kubadilisha plagi tu kulilazimu injini nzima kufunguliwa. Mhandisi wa NSU, Hanns Dieter Paschke, akaurekebisha ili chumba kitulie na rota pekee ndiyo izunguke. Wankel alichukizwa, akalalamika kwamba farasi wake wa mbio amegeuzwa kuwa farasi wa kuvuta jembe. Hata hivyo, ni toleo la Paschke lililofika barabarani. Fundi wa Heidelberg alipata somo ambalo wavumbuzi wengi hulipata kwa uchungu: mwenye wazo si lazima awe ndiye anayejua jinsi ya kuliuza.

Habari zikaenea. Curtiss-Wright ya Marekani ilikuwa imenunua kibali mwaka wa 1958, na kampuni nyingine zikafuata, ikiwemo Daimler-Benz. General Motors ilikubali mwaka wa 1970 kulipa dola milioni 50. NSU yenyewe ilianza kuuza gari dogo la Spider mwaka wa 1964, na mwaka wa 1967 ikazindua Ro 80, saluni iliyosifika kwa umbo na utulivu wake, na ambayo ilichaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya la 1968.

Sifa hizo zikageuka shubiri. Viziba vya kwenye pembe za rota vilikwisha mapema mno. Wateja walirudi na injini zilizoishiwa nguvu, na NSU ikalazimika kuwapa mpya kwa gharama yake. Mwaka wa 1969 kampuni hiyo, ikiwa imelemewa, ilimezwa katika himaya ya Volkswagen. Ro 80 iliendelea kuundwa hadi 1977, kisha ikaachwa. Kiziba, kitu kile kile ambacho Wankel alikijua kuliko mtu yeyote, ndicho kilichoiangusha kampuni iliyomwamini.

Lisilowezekana Neckarsulm likawezekana Hiroshima. Kampuni ya Toyo Kogyo, iliyounda magari ya Mazda, ilipata kibali mwaka wa 1961. Mhandisi Kenichi Yamamoto na kundi lake la wahandisi 47 walikuta mikwaruzo ukutani mwa chumba cha rota, wakaiita alama za kucha za shetani. Walijaribu malighafi moja baada ya nyingine hadi wakapata viziba vya kaboni iliyochanganywa na alumini. Mei 1967, gari la Cosmo Sport liliingia sokoni.

Kwa upande wake, Wankel alikuwa amekwisha kuwa tajiri. Mwaka wa 1971, yeye na mshirika wake waliiuza kampuni iliyomiliki haki za injini hiyo kwa Lonrho, shirika la Uingereza lililoongozwa na Tiny Rowland, kwa Mark milioni 100 za Ujerumani. Lonrho ni jina lisilo geni nchini Kenya, kwani kwa miaka mingi ndilo lililomiliki gazeti la The Standard.

Bei hiyo ilipatikana wakati mzuri. Mwaka wa 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafla duniani, na injini ya mzunguko, ambayo hunywa petroli kwa pupa, ikaanza kukimbiwa. General Motors iliutupilia mbali mradi wake. Mazda pekee ndiyo iliyong'ang'ania, ikatoa RX-7 mwaka wa 1978. Baadaye ikaifungia injini hiyo turbo, kwanza katika Cosmo ya 1982.

Ndoa hiyo ya rota na turbo ilifaa. Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja: ya kwanza huzungushwa na moshi utokao, ya pili hushindilia hewa ndani ya injini. Kwa kuwa injini ya Wankel haina vali ya kuuzuia moshi, moshi wake hutoka ukiwa moto na wenye nguvu nyingi, na turbo huamka upesi.

Hii ndiyo sababu magari hayo makuukuu yanapendwa na wanaojiundia gari nyumbani bila fedha nyingi. Injini ya rota mbili ni ndogo, nyepesi, na vitu vikuu vinavyozunguka ndani yake ni vitatu tu: rota mbili na shafti. Lakini mwenye haraka huumia. Mnunuzi mwenye busara hupima kwanza shinikizo la kila rota, akitarajia mapigo matatu yaliyo sawa. Mapigo mawili yakiwa dhaifu, huenda kiziba cha pembe iliyo kati yake kimekwisha, kwa sababu kila kiziba hulinda nafasi mbili. Wengi huongeza mafuta kidogo ya kulainisha kwenye petroli ili kuvitunza viziba. Na kabla ya kuongeza shinikizo la turbo, huhakikisha petroli inatosha na injini inapoa vyema, kwani petroli ikipungua, mwako hulipuka kabla ya wakati, kiziba huvunjika na vipande vyake huweza kuharibu turbo yenyewe. Pa kubana matumizi ni pengi, ila si kwenye viziba.

Katika uzee wake Wankel alitunukiwa shahada ya heshima na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich mwaka wa 1969, yeye ambaye hakumaliza shule. Alibuni mashua za kasi, na kwa sababu aliwapenda wanyama, alianzisha mwaka wa 1972 tuzo ya utafiti wa kuwapunguzia mateso katika maabara. Alifariki mjini Heidelberg Oktoba 9, 1988.

Hakuiona siku ya ushindi mkubwa wa injini yake. Juni 1991, Mazda 787B yenye rota nne ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa, ikawa gari la kwanza kutoka Japani kufanya hivyo. RX-8, iliyoirithi RX-7, ilikoma kuundwa mwaka wa 2012, lakini mwaka wa 2023 Mazda iliirejesha rota katika gari la MX-30, safari hii ikizalisha umeme wa kuchaji betri.

Hesabu ya maisha ya Wankel ina pande mbili, na hakuna upande unaoufuta mwingine. Alitumikia utawala katili na akapata riziki kwao. Vilevile alithibitisha kwamba karakana ya uani isiyo na fedha yaweza kuzaa kitu ambacho vyuo vikuu havikukiwaza. Kila fundi anayefungua injini hiyo nyumbani kwake anakutana na yote aliyoyaacha, kuanzia urahisi wa ile rota yenye pembe tatu hadi ule ukingo mwembamba wa kiziba unaoamua kama gari litawaka au litabaki juu ya mawe.