Jacques Callot

Jacques Callot (Nancy, takriban 1592 – Nancy, 24 Machi 1635) alikuwa msanii wa picha za kuchapwa wa zama za Baroko. Vitabu vingi humwita Mfaransa, lakini wakati wake Lorraine, nchi alikozaliwa, ilikuwa na mtemi wake yenyewe.

Maisha

Baba yake alitumikia ikulu ya mtemi. Mwaka 1607 Jacques aliwekwa kwa sonara ajifunze kazi. Baadaye alikwenda Roma, halafu Firenze, alikolipwa na familia ya Medici. Mtawala Cosimo II alipofariki mwaka 1621, malipo yalikatwa naye akarudi Nancy.

Huko Firenze aliboresha ufundi wake. Kwa kawaida bamba la shaba lilipakwa nta laini, likachorwa kwa sindano, kisha asidi ikala shaba penye mistari. Mara nyingi asidi ilipenya hata pasipotakiwa. Callot alitumia vanishi ngumu ya mafundi wa ala za nyuzi, akaweza kuchora watu wadogo mno: picha ya gulio la Impruneta (1620) ina zaidi ya 1,000. Kwa kuwa bamba moja lilitoa nakala nyingi, picha zake ziliwafikia hata wasioweza kununua michoro ya rangi.

Picha za vita

Wakati wa Vita vya Miaka Thelathini watawala walimtaka achore ushindi wao. Kwa Louis XIII wa Ufaransa alichora kuzingirwa kwa La Rochelle. Mwaka 1633 jeshi la mfalme huyohuyo liliteka Nancy. Husimuliwa kwamba Callot aliombwa kuchora ushindi huo pia, akakataa. Habari hiyo iliandikwa miaka mingi baadaye.

Mwaka huohuo alitoa picha 18 za mikasa ya vita. Askari wanaandikishwa, wanapora nyumba ya mkulima, wanachoma kijiji. Kisha wezi wananyongwa kwenye mti mmoja mkubwa, na wakulima wanalipiza kisasi kwa askari. Kila picha ina kimo cha sentimita 8 hivi, hivyo mtazamaji hulazimika kuisogeza karibu. La ajabu ni kwamba zilitolewa Paris na rafiki yake Israël Henriet, kwa kibali cha mfalme.

Callot aliacha picha takriban 1,400. Mbinu yake ilienezwa na Abraham Bosse katika kitabu cha mwaka 1645.