Tingatinga: fundi aliyegeuza mabaki ya plafo kuwa jina la dunia nzima

Wakati Edward Saidi Tingatinga alipouawa jijini Dar es Salaam mwaka 1972, alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Hakuwahi kuingia shule ya sanaa. Aliacha mjane, watoto wawili wadogo na wanafunzi wachache waliokuwa wakijifunza kwake. Leo jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji. Kuanzia Zanzibar hadi Tokyo, mtu akiona picha ya chui mwenye madoa ya rangi kali na macho makubwa ya duara, husema: hii ni tingatinga.

Kwa wakaaji wa Kayna, Kirumba, Lubero na Butembo, ambako vijana wengi wanatafuta kazi ya mikono kwa vitu vilivyo karibu, maisha ya fundi huyu yana mafunzo mengi. Alianza na vitu ambavyo wengine waliona ni mabaki: vipande vya mbao za dari na makopo ya rangi ya baiskeli.

Kijana kutoka Tunduru

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanzania, karibu na mpaka wa Msumbiji. Wazazi wake walikuwa wakulima. Baba yake alikuwa Mwislamu na mama yake Mkristo, na mtoto akabeba majina ya pande zote mbili: Edward na Saidi. Jina la Tingatinga alilirithi upande wa baba. Nchini Tanzania neno hilo pia ni jina la trekta, jambo ambalo baadaye liliwachekesha wateja wengi.

Alisoma miaka michache ya shule ya msingi, kisha akarudi shambani. Kusini mwa nchi wakati ule kazi za mshahara zilikuwa chache. Vijana waliotaka nguo, baiskeli au pesa ya mahari walifunga safari ndefu kwenda kaskazini, kwenye mashamba makubwa ya mkonge ya Tanga. Mkonge ulikatwa kwa mkono, majani yake yana miiba, na malipo yalihesabiwa kwa idadi ya mafungu aliyokata mtu. Tingatinga aliingia katika kazi hiyo kati ya miaka ya 1950, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu.

Mwaka 1959 aliacha mkonge akaenda Dar es Salaam. Huko alipata kazi ya bustani katika nyumba ya afisa mmoja Mwingereza. Miaka miwili baadaye, mwezi Desemba 1961, Tanganyika ilipata uhuru. Wazungu wengi wa serikali ya kikoloni walifunga mizigo yao, na watumishi wao wakabaki bila kazi. Tingatinga alikuwa mmoja wao.

Kuhangaika mjini

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kubahatisha. Alifanya vibarua vya ujenzi, akauza matunda na mboga, akapiga muziki katika kikundi cha watu wa kusini waliokuwa wakiishi mjini. Maisha hayo wakaaji wa Butembo na Beni wanayafahamu vizuri: asubuhi mtu anatoka bila kujua jioni atarudi na nini.

Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa imejaa wageni kutoka nchi jirani. Walikuwepo wakimbizi wa Msumbiji, wakiwemo mafundi wa Kimakonde waliochonga mti wa mpingo. Walikuwepo pia Wakongo waliokuwa wakitembeza picha zao mitaani, wakiwauzia watalii na Wazungu waliobaki. Kongo ilikuwa tayari na desturi ya uchoraji wa aina hiyo, hasa Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ambako tangu miaka ya 1940 vijana kama Pilipili Mulongoy na Bela walichora samaki, ndege na majani kwa nukta na mistari midogo midogo.

Watu wengi walioandika juu ya Tingatinga wanaamini kwamba picha hizo za Wakongo ndizo zilizomwamsha. Aliona mtu mweusi kama yeye, bila diploma, anauza picha na kurudi nyumbani na pesa. Mwaka 1968 akaamua kujaribu.

Mbao ya dari na rangi ya kinga

Shida ya kwanza ilikuwa vifaa. Turubai ya wachoraji, rangi za mafuta za madukani na brashi nzuri zilikuwa za bei ya juu, na nyingi zilitoka ng'ambo. Tingatinga akatazama mafundi wa ujenzi. Nyumba za mji zilikuwa zikifungwa dari, yaani plafo, kwa mbao nyembamba za kugandamizwa. Mbao hizo zenyewe ni mabaki: viwandani husaga vipande vya miti vilivyobaki baada ya kupasua mbao, wakavipika kwa mvuke na kuvigandamiza mpaka viwe karatasi ngumu. Upande mmoja huwa laini kama kioo, upande wa pili huwa na mikwaruzo kama kitambaa cha gunia.

Ubao mmoja mkubwa ulikatwa vipande vya mraba vya futi mbili kwa futi mbili, sawa na sentimita 60 kila upande. Ndiyo sababu picha za mwanzo za Tingatinga nyingi ni za mraba. Umbo hilo lilitoka kwenye kipimo cha fundi wa dari.

Kwa rangi alichagua ile inayopakwa kwenye baiskeli, au kinga kama wanavyoiita wakaaji wengi wa Kivu. Ni rangi ya mafuta yenye kung'aa, inayouzwa katika makopo madogo. Imetengenezwa ili ivumilie jua, mvua na vumbi la barabarani, kwa hiyo haihitaji kioo wala fremu ya kuilinda. Ubaya wake ni kwamba inakauka polepole, na mtu akiharakisha, rangi mbili zinachanganyika na kuwa tope.

Ugumu huo ndio uliozaa mtindo. Kwanza Tingatinga alipaka ubao mzima rangi moja, mara nyingi nyeupe, ya manjano au ya bluu, akauacha ukauke. Baadaye alichora mnyama mmoja katikati: tembo, chui, nyati, tausi au ndege juu ya tawi. Alijaza mwili wake kwa rangi bapa bila kivuli. Ilipokauka tena, akaweka madoa, nukta na mistari juu yake, moja baada ya nyingine. Rangi nzito iliacha vijivimbe vidogo ambavyo mkono unaweza kuvipapasa. Kwa rangi nne au tano tu, ubao wa dari uligeuka kuwa mnyama anayekutazama.

Chini ya mti, Oysterbay

Kupata soko kulihitaji akili nyingine. Karibu na bahari, katika mtaa wa Oysterbay walikoishi mabalozi na wataalamu wa kigeni, palikuwa na duka liitwalo Morogoro Stores ambako Wazungu walinunua chakula. Tingatinga alifanya kazi yake nje chini ya mti, na mke wake Agatha Mataka, aliyemuoa mwaka 1970, alipanga picha karibu na duka na kuzungumza na wateja. Aliyekuja kununua nyama na mikate alirudi nyumbani na tembo chini ya kwapa.

Kwa muda Tingatinga aliajiriwa pia katika hospitali ya Muhimbili, na picha akazichora saa za nje ya kazi. Lakini wateja waliongezeka. Shirika la serikali lililohusika na sanaa za taifa likaanza kununua kazi zake na kuziuza. Kwa mara ya kwanza maishani, mtu aliyekata mkonge na kutembeza mboga alianza kutegemewa na wengine.

Na wengine walikuja kweli. Hakuweza peke yake kutosheleza wateja, akawaita ndugu na jamaa kutoka kusini: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo, Simon Mpata na wengine wachache. Hakuwafundisha kwa vitabu. Waliketi pembeni yake, wakajaza rangi alipochora umbo, wakaweka nukta alipowaonyesha, kisha wakaanza picha zao wenyewe. Ni njia ile ile ambayo fundi seremala au fundi cherehani wa Kivu huwafundishia vijana wake mpaka leo.

Risasi ya usiku

Mwaka 1972, wakati kazi ilikuwa imeanza kumpa uhakika, Tingatinga alikuwa usiku ndani ya gari pamoja na wenzake jijini Dar es Salaam. Askari wa polisi walidhani gari hilo ni la wezi wanaokimbia. Walilifuata, wakapiga risasi. Tingatinga alipigwa na akafa. Alikuwa na umri wa miaka 40 hivi.

Hakuwa mwizi, na hakuna aliyemtafuta kwa kosa lolote. Mtu ambaye alitumia miaka yote akijitafutia riziki kwa jasho lake alikufa kwa sababu ya kudhaniwa. Wakaaji wa sehemu nyingi za Kivu Kaskazini, ambako raia wengi wamepoteza maisha barabarani bila kuwa na silaha wala hatia, hawahitaji kuelezwa uchungu wa kifo cha namna hiyo.

Jina bila mwenyewe

Wanafunzi wake wangeweza kutawanyika. Badala yake walikaa pamoja, wakaendelea kuchora mahali pale pale Oysterbay, wakaleta watoto na wapwa wao. Mwaka 1990 kikundi chao kilisajiliwa kuwa chama cha ushirika, na mpaka sasa wachoraji wengi wanaishi kwa kazi hiyo. Vitu vimebadilika kidogo: siku hizi wengi huchora juu ya kitambaa kilichotandazwa kwenye fremu, kwa kuwa mtalii anaweza kukikunja na kukiweka ndani ya sanduku la ndege. Rangi bado ni ile yenye kung'aa.

Mtindo huo ulivuka mipaka. Mwaka 2010 vipindi vya katuni vya watoto vilivyotengenezwa Nairobi kwa jina la Tinga Tinga Tales vilianza kuonyeshwa Uingereza na nchi nyingine, wanyama wake wakiwa na nukta na rangi zilizotoka kwenye mbao za Dar es Salaam. Picha chache alizochora mwenyewe zinatafutwa sana na wakusanyaji, na kwa sababu hiyo kumetokea pia picha za bandia zenye sahihi yake. Faida kubwa ya jina hilo ilikuja wakati mwenyewe ameshazikwa. Hapo pana onyo kwa kila fundi: kazi isiyoandikwa jina vizuri, isiyo na karatasi wala ushirika wa kuilinda, ni rahisi kuchukuliwa na wengine.

Kwa vijana wa Kayna

Kongo haikosi mifano inayofanana. Huko Lubumbashi, Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia ya nchi, tangu wakoloni mpaka Lumumba na Mobutu, juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Kinshasa, Bodys Isek Kingelez alijenga miji mizima ya ndoto kwa makartoni, karatasi na maboksi yaliyotupwa, na mwaka 2018 jumba kubwa la makumbusho la New York likamfanyia maonyesho ya peke yake. Wote hao, kama Tingatinga, walianza kwa kile kilichokuwa mbele yao.

Kayna iko kando ya barabara ya kitaifa nambari 2, kati ya Kanyabayonga na Kirumba. Miaka hii ya vita imefunga biashara nyingi huko na kuwahamisha wengi. Lakini mabaki hayakosekani: vipande vya mbao kwa maseremala, tripleksi iliyovunjika, makartoni ya sabuni, magunia ya mchele, vizibo vya chupa, makopo ya rangi yenye kijiko kimoja kilichobaki chini. Watoto tayari hutengeneza magari kwa waya na chukudu ndogo za kuchezea kwa mti.

Anayetaka kujaribu anaweza kufuata hatua za Tingatinga. Asafishe ubao na kuusugua kwa msasa. Apake rangi moja ya chini na kungoja ikauke kabisa, hata ikichukua siku mbili. Achore kitu kimoja anachokijua vizuri, kama vile ng'ombe wa milimani, kuku, au mama mwenye kikapu cha viazi. Kisha aongeze madoa na mistari kidogo kidogo. Rangi hizo zina harufu kali, kwa hiyo kazi ifanyike nje au dirisha likiwa wazi, mbali na moto na mbali na watoto wadogo. Mwishoni aandike jina lake pembeni, kwa herufi zinazosomeka.

Tingatinga hakungoja apate turubai. Ubao wa futi mbili, makopo manne ya rangi na uvumilivu wa kungoja ikauke vilimtosha kuanza, na kutoka hapo familia nyingi zimekula kwa zaidi ya miaka 50.