Joseph Murumbi na Uraia wa Upande wa Mama

Hapa Tuala, baina ya Ongata Rongai na Kitengela, nchi ya Wamaasai imekatwa viwanja, na darasa moja huwa na watoto wa makabila mengi. Wengine baba ni wa huku na mama ni wa kule. Wakikaribia miaka 18 na kuanza kutafuta kitambulisho, huuliza swali lile lile: je, mtu huwa raia kwa mahali alipozaliwa ama kwa wazazi wake? Mimi huwajibu kwa kuwasimulia maisha ya hayati Joseph Murumbi.

Alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911. Baba yake, Peter Zuzarte, alikuwa mfanyabiashara Mgoa. Mama yake alikuwa Mmaasai, binti wa laiboni. Angali mdogo alipelekwa India kusoma, akakulia huko mbali na mama, akarejea katika miaka ya 1930. Kenya ya siku hizo ilipanga watu kwa rangi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na mshahara na mtaa wa kukaa vilifuata mpango huo. Kwa jina la Zuzarte angeweza kuishi katika daraja la katikati hadi kufa. Yeye alichukua jina la upande wa mama, akashuka ngazi kwa hiari yake.

Jina hilo lilimgharimu. Viongozi wa KAU walipokamatwa mwaka 1952, alishika kazi ya katibu mkuu wa chama, na mwaka uliofuata akaondoka nchini, akaishi uhamishoni, sana sana London, hadi mwaka 1962. Aliporudi akawa waziri, kisha, mwaka 1966, Makamu wa pili wa Rais. Wadhifa huo aliuacha kabla mwaka haujaisha.

Sasa tazama Katiba ya uhuru. Tarehe 12 Desemba 1963, mtu wa himaya ya Uingereza aliyezaliwa Kenya alikuwa raia papo hapo, mradi mzazi wake mmoja naye awe amezaliwa Kenya. Kwa kipimo hicho Zuzarte mzee, mzaliwa wa Goa, hakumfaa mwanawe kitu. Mama Mmaasai ndiye aliyefaa. Wahindi na Wagoa waliozaliwa hapa na wazazi wa ng'ambo walipewa miaka miwili wajiandikishe. Wengi walisitasita, na mwaka 1968 maelfu walihamia Uingereza kabla ya mlango wa huko kufungwa.

Waliozaliwa Kenya baada ya uhuru walikuwa na bahati zaidi, kwani ardhi yenyewe iliwapa uraia. Mwaka 1985 Bunge liliibadili kanuni hiyo, tena kwa kurudi nyuma hadi siku ya uhuru: kuzaliwa hapa hakukutosha tena, sharti mzazi mmoja awe raia. Naliona badiliko hilo kuwa kali mno. Wamakonde wa Kwale walizaa watoto na wajukuu katika nchi hii, lakini hawakutambuliwa hadi miaka ya 2016 na 2017. Washona walingoja hadi 2020.

Jambo la mama nalo lilikuwa na kasoro. Mwanamke Mkenya aliyejifungua nje ya nchi hakuweza kumrithisha mtoto uraia wake. Baba tu ndiye aliyeweza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 14, ndiyo iliyomsawazisha mama na baba, popote mtoto azaliwapo.

Murumbi hakuiona. Alifariki Juni 1990, akazikwa City Park, Nairobi, karibu na kaburi la rafiki yake Pio Gama Pinto, Mgoa mzaliwa wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1965. Vitabu vyake adimu, maelfu kadhaa, vimo katika Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa. Wanafunzi wangu wakivitazama husoma kwanza jina la mwenyewe, kisha huniuliza mama yake aliitwa nani.